Mwacheni Dada, Fukueni Bomba

Katika nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam, juu ya sinki la jikoni au kwenye mlango wa choo cha pamoja, utakuta karatasi imebandikwa kwa selotepu: MARUFUKU KUTUPA UCHAFU KWENYE SINKI. ATAKAYEZIBA ATAZIBUA KWA GHARAMA ZAKE. Karatasi hiyo ndiyo elimu yote ya majitaka tuliyo nayo mjini. Inasema bomba halikosei, anayekosea ni mtu. Na mtu mwenyewe hatafutwi mbali: ni dada wa kazi, ni mpangaji mpya, ni yule mama wa chumba cha tatu anayesuka rasta, ni watoto. Baba mwenye nyumba hayumo kwenye orodha. Yeye alishajenga, na kwetu sisi mtu akishajenga hesabu yake imefungwa.

Naipinga hoja hiyo, na naipinga pamoja na dawa yake, maana viwili hivi havitengani. Ukishaamini kwamba ubaya ni uchafu uliotupwa, lazima uamini kwamba tiba ni kitu cha kuyeyusha uchafu. Basi mtoto anatumwa dukani kuleta kostiki soda, inamwagwa, maji yanashuka, dada anasemwa mpaka analia, na kabla mwezi haujaisha sinki limejaa tena. Likiziba mara moja, sawa, mtafuteni aliyedondosha kijiko. Likiziba kila mwezi mahali palepale, acheni kutafuta mtu.

Ushahidi kila mwenye nyumba anao, ila hautumii. Wapangaji huja na kuondoka. Inaondoka familia ya watu saba waliokuwa wakipika asubuhi, mchana na usiku. Anaingia kijana wa ofisini ambaye jikoni kwake hapapikwi zaidi ya chai na mayai. Kama shida ingekuwa tabia, sinki lingepona siku ile aliyohamia kijana. Haliponi. Linachelewa kidogo, kisha linaziba, na fundi akija anasukuma waya wake mpaka unakwama palepale ulipokwama mwaka jana, hatua nne kutoka ukutani, karibu na karo la kufulia. Tabia huhama na mwenye tabia. Kinachobaki mahali pamoja ni kile kilichofukiwa.

Na kilichofukiwa kina kanuni zake. Bomba la majitaka halisukumwi na pampu. Linaishi kwa mteremko, au slopu kama wanavyosema mafundi wenyewe. Kwa bomba la inchi 4, lile la milimita 110 linalotoka chooni, kipimo kilichozoeleka ni 1 kwa 40: kila mita moja ya urefu, bomba lishuke sentimita 2.5. Maji yanatakiwa yaende kwa kasi isiyopungua sana mita 0.7 kwa sekunde ndipo yaweze kubeba mchanga, punje za wali na vinyesi mpaka mwisho wa safari. Yakienda pole kuliko hapo yatafika, lakini yatafika peke yake. Mzigo unabaki njiani, na wa leo unasubiri wa kesho.

Sasa piga hesabu ya nyumba ya kawaida. Kutoka jikoni hadi chemba ya nyuma tuseme ni mita 12. Bomba likianza sentimita 30 chini ya ardhi, linatakiwa kuingia chemba likiwa sentimita 60 chini. Funua mfuniko utazame. Mara ngapi utakuta mdomo wa bomba uko kiganja kimoja tu chini ya mfuniko? Mchimbaji alikutana na jiwe, au jua lilikuwa kali, au, na hili ndilo la kawaida zaidi, chemba ilijengwa kwanza kwa kukadiria na bomba likalazimika kuifuata huko huko juu. Halafu kuna kubonyea. Bomba linalazwa juu ya kifusi ambacho hakikushindiliwa, hakuna hata mchanga wa kulilalia. Masika moja, masika mbili, udongo unakaa sawasawa na bomba linashuka katikati. Hapo panabaki maji siku zote, mafuta yanagandia hapo, mchanga unatua hapo. Dada hajawahi hata kupajua.

Wapo wenye nyumba ambao wakisikia haya hujibu kwa kununua bomba kubwa zaidi. Nao wanakosea. Maji ya ndoo moja yanayopita kwenye bomba jembamba yanapanda juu na kuelea na mzigo. Maji yaleyale kwenye bomba pana lisilo na mteremko yanatandaa chini na kupita pembeni mwa mzigo. Ukubwa haulipi deni la slopu.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu matatizo mengi ya siku hizi yamezaliwa na mtindo mmoja: chumba self. Nyumba yetu ya Kiswahili, ile ya korido katikati na vyumba huku na huku, ilikuwa na akili ambayo hatukuiheshimu. Kila lenye maji lilikaa uani. Jiko uani, bafu uani, choo uani, na shimo likiwa hatua chache tu kutoka hapo. Bomba, kama lilikuwepo, lilikuwa fupi na nusu yake unaiona kwa macho. Kisha soko la kodi likageuka. Mpangaji wa leo hataki kupanga foleni ya bafu na ndoo mkononi, na ana haki. Mwenye nyumba naye akagundua kwamba chumba kilekile kikiwa self kodi inapanda. Basi akakata kona ya ndani, upande wa korido, ili dirisha libaki chumbani, akaweka choo na bomba la mvua.

Kuvunja sakafu na kugusa msingi ni gharama. Fundi anaambiwa anyanyue choo kwa ngazi moja, na bomba lipite ndani ya unene wa ngazi hiyo, kando ya ukuta, lifunikwe vigae, litokee nje. Ngazi ni tofali la inchi 6, yaani sentimita 15. Bomba lenyewe lina sentimita 11. Zimebaki 4, na hapo hujaweka zege la juu wala kigae. Safari ya mita 4 kutoka kona hiyo hadi nje inadai sentimita 10 za kushuka. Sentimita hizo hazipo, na hakuna mpangaji duniani atakayezileta kwa kuwa msafi. Huko nje bomba linapiga kona ya nyuzi 90, linakutana na la chumba cha pili, linapiga kona nyingine, linapokea la tatu, na vyumba vyote sita vinaishia kwenye shimo lilelile la zamani la uani lililochimbwa kwa ajili ya ndoo. Kwenye kona hakuna chemba hata moja ya kuchungulia. Baada ya hayo yote anachapa karatasi, anabandika mlangoni.

Kuna jambo lingine ambalo halionekani kabisa, nalo ni hewa. Toboa kopo la maziwa tundu moja uone jinsi maziwa yanavyotoka kwa kusitasita. Toboa la pili, yanamiminika. Bomba la majitaka nalo linadai tundu la pili, ndiyo maana mabomba ya kupumulia hupandishwa ukutani hadi juu ya paa. Kwenye nyumba zetu bomba hilo ndilo la kwanza kukatwa kwenye bajeti, maana halina kazi inayoonekana. Matokeo yake unayasikia: ukivuta maji chooni, sinki la bafuni linakoroma. Mkoromo ule ni maji yanayoshuka yakinyonya hewa popote yanapoipata, na mara nyingine yakinyonya na yale maji yaliyotakiwa kubaki kwenye shingo iliyopinda chini ya sinki. Shingo hiyo ni akili ya siku nyingi. Alexander Cumming, fundi saa aliyefanya kazi London, alipewa hataza ya choo chenye shingo ya namna hiyo mwaka 1775. Kazi yake ni kushika maji machache yazuie harufu. Yakishanyonywa, harufu inapanda ndani. Mwenye nyumba anasema choo kinanuka kwa sababu wapangaji hawasafishi, wapangaji wanamwaga jiki zaidi, na kumbe kinachokosekana ni paipu moja ya kwenda juu.

Najua jibu linalokuja. Watasema: unawatetea watu wanaotupa takataka, mafuta je? Nywele je? Sikatai. Mafuta ni adui wa kweli, na jiko la pwani linayo ya aina yake. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Julai, hata Dar, linashuka chini ya hapo. Mafuta mengi ya kupikia tunayonunua kwa kupimiwa yana asili ya mawese, nayo huganda kwa urahisi. Kila mtu ameona kidumu kikiwa cheupe asubuhi ya baridi. Kinachotokea kwenye kidumu kinatokea kwenye bomba. Ongeza machicha ya nazi yaliyoponyoka kwenye chujio, ongeza ukoko wa ugali uliolowekwa, ongeza mchanga wa kusugulia sufuria, na umepata kitu kigumu cha kuhesabika. London yenyewe, yenye mitaro ya matofali ambayo mtu anaweza kutembea ndani, mwaka 2017 ilikuta chini ya Whitechapel donge la mafuta na taulo za kufutia lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130.

Kwa hiyo ndiyo, futeni sufuria kwa karatasi kabla ya kuosha, wekeni kichujio cha mia tano kwenye tundu la bafu, machicha wapeni kuku. Hilo limekwisha, halihitaji makala. Lakini tazameni hoja inavyokwenda. Kila nyumba inapika. Kila nyumba ina nywele. Bomba la jikoni limetengenezwa kwa ajili ya maji yenye mafuta, la bafuni kwa ajili ya maji yenye nywele na povu. Hakuna mtu aliyewahi kulilaza kwa ajili ya maji ya kunywa. Nyumba mbili za jirani, mapishi yaleyale, sabuni ileile, moja inaziba na nyingine haizibi. Anayesema sababu ni mapishi anatakiwa aeleze hiyo isiyoziba.

Nije kwenye dawa. Kostiki soda inafanya kazi kwa namna yake, ndiyo maana watu hawaiachi. Ikikutana na mafuta inayageuza kuwa sabuni, ikikutana na nywele za kichwani inazila polepole. Lakini nywele za rasta ni nyuzi za plastiki; haizigusi. Mchanga haiugusi. Kitambaa cha jikoni, ganda la shampuu, mfuko wa nailoni, vyote inavipita. Na hata kwenye mafuta, inachofanya ni kupenya mahali pepesi na kutoboa njia. Maji yanapita, watu wanashangilia, ukuta wa mafuta umebaki kuzunguka tundu hilo na unaanza kujijenga upya usiku uleule. Ile sabuni nayo haikupotea. Imesogea mbele, kwenye lile bonde la bomba, imepoa.

Ubaya zaidi ni pale isipopenya. Soda ikikutana na maji inatoa joto kali, na bomba la plastiki hulainika kwa joto. Iliyokwama inabaki palepale inachemka kwenye kona ya PVC, kisha inatulia ndani ya maji yaliyosimama, kimya, bila rangi. Asubuhi anaitwa fundi. Hakuna anayemwambia. Anaweka beseni chini ya sinki, anafungua shingo kwa mikono mitupu, uso wake uko chini ya kile kinachokuja. Nimeona mafundi wenye mabaka ya kuungua mikononi ambao ukiwauliza wanacheka tu na kusema ni kazi. Kama lazima umwage soda, basi mwambie fundi kabla hajagusa kitu. Hiyo ndiyo heshima ndogo kabisa tunayoweza kumfanyia. Na usije ukachanganya dawa ya choo yenye asidi na jiki, kwa sababu inatoka gesi ya klorini, na bafu letu la self halina dirisha.

Magadi na siki, ile tiba inayozunguka kwenye simu, sina ugomvi nayo kwa sababu haina nguvu ya kugombana. Povu linapendeza. Kilichotokea ni kwamba vitu viwili vimeuana na kubaki maji ya chumvi. Maji ya moto ya birika yanayeyusha mafuta ya hapa na kuyagandisha mita tatu mbele, mahali ambapo waya haufiki.

Na kuna mkondo mwingine wa lawama ambao hutokea wakati wa mvua. Machi ikiingia, vyoo vinaanza kurudisha, na wapangaji wanaambiwa wamezidi. Dar es Salaam sehemu kubwa haina mtandao wa mabomba ya majitaka. Tunaishi kwa mashimo na septiki, na septiki inategemea udongo unywe maji yake. Kwenye mitaa ya mabondeni, masika ikikolea, maji ya ardhini yanapanda na udongo unakuwa umeshiba. Shimo halina pa kupeleka. Ukute sasa na mtu kaunganisha mfereji wa paa kwenye chemba kwa sababu ilikuwa karibu, na ua wote umesakafiwa ukiteremkia kwenye mfuniko uliopasuka. Chini ya septiki nako tope limerundikana miaka na miaka, maana gari la kunyonya huitwa pale tu mambo yanapofurika, si tope linapofika theluthi ya kina. Wale bakteria wanaosaga tope hilo tunawamwagia jiki na soda kila wiki. Halafu tunasema kuna mtu katumbukiza pampasi. Huenda kweli katumbukiza. Lakini pampasi haiinui maji ya ardhini.

Dalili zenyewe huongea, tukizisikiliza kabla ya kufoka. Sinki moja likiwa zito na mengine yanakwenda, shida iko kwenye shingo yake, ifungue uisafishe, hapo kweli mlaumu aliyemwaga. Vitu viwili vya karibu vikizidiwa pamoja, ni tawi linaloviunganisha. Ukivuta maji chooni yakapandia kwenye tundu la bafu, ambalo ndilo la chini kuliko yote, basi bomba kuu limekataa au shimo limejaa, na hakuna soda ya kushindana na hilo. Ikiwa ni Julai tu, fikiria mafuta. Ikiwa ni Aprili tu, fikiria ardhi. Ikiwa ni kila mwezi, mwaka mzima, na waya unakwama mita ileile, chukua mpira mwangavu wa kupimia maji, wanao mafundi wote wa ujenzi, upime tofauti ya kimo kati ya bomba linapoanza na linapoingia chemba. Ni kazi ya muda mfupi na haivunji kigae. Nashangaa kwamba nyumba inaweza kuzibuliwa miaka mitano bila mtu kupima hata mara moja. Lakini fundi anaitwa azibue. Hajaitwa aulize, na akiuliza anaambiwa anatafuta ulaji.

Hoja ya mwisho ya wenye nyumba ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni pesa. Kufukua ni gharama, vigae vitavunjika, wapangaji watalala wapi. Nakubali ni gharama. Ila wanaposema kuzibua ni rahisi, wanahesabu mfuko wa nani? Soda ananunua mpangaji. Fundi analipwa na mpangaji. Dada ndiye anayechota maji machafu kwa kopo saa tano usiku, na mshahara wake ndio unaotishiwa kukatwa. Kuzibua ni rahisi kwa sababu anayeamua sio anayelipa. Zikusanywe risiti za miaka mitatu za vyumba vyote sita, ziwekwe mezani mbele ya mwenye nyumba mmoja, ndipo tulinganishe na siku mbili za kuchimba.

Wala si kila mara tunachimba nyumba nzima. Pengine ni kuweka chemba moja kwenye ile kona, ili linapokwama lifikiwe bila kubomoa. Pengine ni kuondoa elbo ya nyuzi 90 na kuweka mbili za 45. Pengine ni mita tatu za bomba lililobonyea, au paipu ya hewa hadi juu ya bati, au kisanduku cha zege cha kunasia mafuta nje ya jiko, bora kiwe na mtu anayejulikana wa kukisafisha, maana kisiposafishwa nacho kinageuka kuwa kizibo. Ila mtu asiingizwe kamwe ndani ya chemba ndefu au septiki kwa ajili ya kuokoa senti; hewa ya mle huua kabla hajaita, na wanaoruka kumwokoa hufuatana naye.

Kwa wanaotafuta chumba sasa hivi, kabla ya kuhesabu kodi ya miezi sita, ombeni ndoo mbili za maji na mfuniko wa chemba ufunguliwe. Mmoja amwage jikoni kwa mkupuo, mwingine asimame kwenye chemba atazame. Maji yakija kwa nguvu na kukatika mara moja, bomba lina slopu. Yakija kwa kudondoka na kuendelea kudondoka wakati mshamaliza kupatana bei, mmeshapata jibu, hata kama vigae vinang'aa. Kisha mtafuteni jirani wa chumba cha mwisho, si dalali, mmuulize fundi alikuja lini mara ya mwisho na waya wake ulikwama wapi. Dalali atanuna na kusema kuna mteja mwingine yuko njiani. Mwacheni aje, naye apewe ndoo.